Fundi Aliyemkataa Mama K.: uchambuzi wa kisa cha nyusi za tatuu jijini Mbeya

Kabla ya yote

Kisa hiki nimekutana nacho kazini. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja jijini Mbeya, na mhusika ameniruhusu kukiandika ili wengine wajifunze. Nimeondoa majina ya watu, ya saluni na ya mitaa, na kazi yake nimeitaja kijuujuu tu. Nitamwita Mama K. Mafundi wawili waliohusika nitawaita wa kwanza na wa pili, kwa mpangilio aliowaendea. Yaliyotokea saluni nimesimuliwa na yeye pamoja na binti wa dada yake aliyemsindikiza. Fundi wa kwanza nilimtafuta mwenyewe, akakubali kuzungumza. Wa pili hakupatikana. Namba aliyoitumia kwenye matangazo haikuwa hewani tena.

Mama K. na nyusi zake

Ni mfanyabiashara wa sokoni, miaka arobaini na kidogo. Tangu akiwa msichana alitinda nyusi kwa wembe, akazibakiza uzi mwembamba kama mtindo wa wakati ule ulivyotaka. Alipokaribia miaka thelathini ziliacha kuota. Tangu hapo kila alfajiri alizichora kwa wanja mbele ya kioo kidogo cha mkononi, na masika yakianza, wanja ulikuwa umeshuka hadi kwenye kope kabla ya saa nne asubuhi. Aliniambia kwamba hajawahi kulala ugenini bila kuweka wanja chini ya mto, asije mtu akamkuta asubuhi hana uso. Naliandika hili mapema kwa sababu najua wapo watakaosoma na kusema aliyataka mwenyewe. Alichotaka ni kuamka akiwa na uso wake.

Mambo mawili ya mwili wake yana uzito katika kisa hiki. La kwanza, kwa miaka kadhaa alikuwa akipaka usoni krimu ya kung'arisha iliyochanganywa sokoni, ule tunaouita mkorogo. La pili, nyuma ya ndewe ya sikio la kushoto, alipotoboa tundu la pili, palikuwa na kovu lililovimba, gumu, la ukubwa wa punje ya hindi. Yeye aliliita kipele. Kitaalamu ni keloidi: kovu linaloendelea kukua na kuvuka mipaka ya kidonda kilichopona, na watu wa ngozi nyeusi tunalipata zaidi kuliko wengine.

Mdogo wake alikuwa anaolewa. Sendofu ilikuwa imebaki wiki saba.

Fundi wa kwanza

Huyu ana chumba chake ndani ya saluni ya mjini. Mama K. alielekezwa na muumini mwenzake wa kanisani ambaye nyusi zake zilikuwa na mwaka mzima na bado zinapendeza. Bei ilikuwa sh. 250,000, pamoja na kurudi mara moja kurekebishiwa.

Kabla ya kugusa kitu, fundi alitoa karatasi ya maswali. Una kisukari? Shinikizo la damu? Unatumia dawa za kuyeyusha damu? Una mimba au unanyonyesha? Umewahi kupata kovu la kuvimba? Umewahi kuwashwa na piko au rangi ya nywele? Unapaka nini usoni? Mama K. alijibu hapana kila mahali. Fundi akamwomba atoe kilemba, akamgeuza kichwa dirishani, akaliona sikio. Kisha akamtazama mashavuni, ambako vimishipa vyekundu vilikuwa vinaonekana chini ya ngozi iliyokwisha kuwa laini kupita kiasi.

Akakataa. Kwa maneno yake, kama nilivyoyasikia kwa pande zote mbili: "Mama, mimi hapa sitakuchora. Hiyo krimu imekula ngozi, na sikio lako linanionya." Alimshauri aache krimu, akamwone daktari wa ngozi, arudi baada ya miezi kadhaa. Tena akamweleza kwamba hata angekuwa mzima kabisa, wiki saba ni chache. Nyusi za tatuu huwa nyeusi mno siku tatu za kwanza, hushika vigaga kati ya siku ya nne na ya kumi, kisha hupauka kama zimefutika, na rangi ya kweli hujionyesha baada ya mwezi au zaidi. Marekebisho hufanywa wiki ya sita hadi ya nane. Hakudai hata shilingi.

Mama K. alitoka na hasira. Wateja wawili walikuwa wamekaa benchi wakisikia habari za krimu yake.

Fundi wa pili

Siku nne baadaye shoga yake alimtumia tangazo lililokuwa likizunguka kwenye vikundi vya WhatsApp. Mtaalamu kutoka jiji lingine, angekuwepo Mbeya siku tatu tu, nyusi kwa sh. 90,000. Chini yake picha kumi na mbili za nyusi nyeusi, kali, zilizonyooka. Mama K. alilipa nusu siku ileile ili asikose nafasi.

Alipangiwa asubuhi ya siku ya pili, ya baridi ya Julai ambayo wakazi wa Mbeya tunaijua, akaenda na binti wa dada yake, mwanachuo. Walikuta wateja sita wakisubiri. Hakukuwa na karatasi wala swali, isipokuwa moja: "Unataka nyembamba au nene?"

Binti yule ana macho. Haya ndiyo aliyoyaona, na nimeyaandika kama alivyonisimulia.

Fundi alichana pakiti ya sindano mpya mbele yao, akaionyesha juu kama anayeonyesha hati. Mama K. aliridhika hapo. Lakini mpini uliopachikwa sindano ile ulikuwa uleule uliotoka kwa mteja aliyetangulia. Ulifutwa kwa pamba yenye spiriti, mara moja, kama mtu anavyofuta kijiko. Krimu ya ganzi ilitoka kwenye kopo lisilo na lebo, ikapakwa, ikafunikwa kwa nailoni, na baada ya ngozi kuchanwa ikapakwa tena juu ya damu. Simu ililia, fundi akaipokea kwa mkono wenye glovu, akaongea, akairudisha mfukoni na kuendelea na kazi kwa glovu ileile. Na wino ulipoanza kuwa mzito kwa baridi, alichukua chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa mezani, imeshafunguliwa, akadondosha matone kwenye kifuniko cha wino na kukoroga kwa ncha ya sindano.

Binti alimwinamia: "Mama mdogo, mbona anaweka maji?" Mama K. akamjibu kwa jicho. Alikuwa tayari na unyusi mmoja.

Siku na wiki zilizofuata

Jioni ile uso ulivimba kidogo. Siku ya tatu alirudi sokoni kwenye vumbi. Siku ya tano vigaga vilianza kuwasha, jirani akampa krimu ya bomba ya dukani, akapaka mara mbili kwa siku. Siku ya tisa unyusi wa kulia ulitoa usaha, ndipo alipokuja kwetu.

Nilimpokea mimi. Tulisafisha, akaandikiwa antibayotiki za siku saba, nikamwambia aache krimu zote. Usaha ulikauka na sote tukaona yameisha. Wiki ya nne alirudi na vinundu vitano vya rangi ya zambarau kwenye mkia wa unyusi uleule, havina usaha, haviumi sana, haviondoki. Duru ya pili ya antibayotiki haikuvigusa. Sendofu aliihudhuria kwa mtandio ulioshushwa hadi kwenye paji la uso, na picha za familia alikaa nyuma.

Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi. Daktari akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeuliza: "Wino ulichanganywa na nini?" Mama K. hakujua. Binti ndiye aliyesema maji ya chupa.

Kipande kidogo cha ngozi kilikatwa kwenda kupimwa. Jibu lilikuwa bakteria wa jamii ya wale wa kifua kikuu, lakini si wa kifua kikuu chenyewe; wanaishi kwenye maji na udongo, na antibayotiki za kawaida tunazowapa watu kwa vidonda haziwaui. Jambo hili si geni duniani. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, huko Rochester, jimbo la New York, watu 19 waliota vipele vya namna hiyo baada ya kuchorwa tatuu kwa wino wa kijivu uliochafuka kabla haujamfikia mchoraji. Wino ule ulikuwa umeshazimuliwa huko ulikotengenezwa. Maji yanayofaa kunywewa hayafai kuingizwa chini ya ngozi. Tumboni kuna asidi ya kuwapokea wadudu. Chini ya ngozi hakuna.

Maamuzi, na kwa nini yalifanyika

Kwa nini Mama K. alimwacha wa kwanza? Fedha haikuwa sababu. Alikuwa ameshaziandaa zile 250,000. Aliona aibu. Aliambiwa ukweli mbele ya watu, na ukweli wenyewe ulihusu kitu ambacho wanawake wengi wanakifanya kimyakimya.

Kwa nini alimwamini wa pili? Alinitajia mambo matatu: picha, cheti alichoonyeshwa kwenye simu, na sindano mpya.

Kwa nini hakuinuka kitandani alipoona mambo yanaharibika? "Ningetembeaje na unyusi mmoja?" Swali hilo sina jibu jepesi kwake. Ila najua kwamba glovu na simu vilitangulia maji, na mpini ulitangulia vyote, kabla hata mstari wa kwanza haujachorwa.

Kwetu zahanati, uamuzi wa kumpa antibayotiki siku ya tisa ulikuwa wa kawaida na kwa siku ile haukuwa na kosa. Kosa langu lilikuwa kutouliza habari za chumba alichochorewa. Tulichofanya vizuri ni kumpima. Alikuwa amechelewa kwa dawa za PEP, za kuzuia VVU visishike mwilini baada ya mtu kuhatarishwa, ambazo ni za siku 28 na lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu mtu alipohatarishwa, lakini tulimpima VVU na homa ya ini ya B siku ileile, tukarudia baadaye, na kumwanzishia chanjo ya homa ya ini, ile ya dozi tatu.

Matokeo

Dawa alizitumia karibu miezi mitano, aina mbili kwa pamoja. Vipimo vyote vya VVU na homa ya ini vilirudi salama, hadi cha mwisho. Vinundu viliisha, vikaacha kovu bapa, lenye kung'aa kidogo, ambapo wino haushiki wala nywele hazioti. Sehemu iliyobaki ya nyusi imegeuka kijivu cha bluu. Keloidi aliyoiogopa fundi wa kwanza ilikuwa bado haijatokea nilipomwona miezi minane baadaye. Lazima niseme hivyo waziwazi, maana ingekuwa rahisi kuandika kwamba onyo lilitimia. Keloidi hupenda zaidi sikio, kifua na mabega kuliko nyusi. Lakini hakuna fundi anayeweza kumwahidi mtu kwamba haitatokea, na kovu linaweza kuanza kukua miezi mingi baada ya kidonda kufunga. Kukataa kulikuwa sahihi hata kama hatari ile haikutokea.

Uchambuzi

Nianze na sindano, kwa kuwa ndiyo iliyomwondolea Mama K. wasiwasi. Elimu ya UKIMWI imetufundisha vizuri sana kudai sindano mpya, na katika nyanda zetu hizi elimu hiyo ni uhai: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 9.6 Mbeya, 11.1 Iringa na 12.7 Njombe, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Lakini tumeishia kwenye sindano. Virusi vya homa ya ini ya B vinaweza kubaki hai kwenye kitu kikavu kwa siku saba au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha. Kwa hiyo mpini una hatari yake, kifuniko cha wino kina yake, simu ina yake, taa inayovutwa karibu kwa mkono wenye damu ina yake. Mpini wa chuma unatakiwa upikwe kwenye otokleva, chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke wa moto, nyuzi 121 kwa dakika 15 au 20, au utumike wa kutupa baada ya mteja mmoja. Spiriti haitoshi. Yale makabati yenye taa ya bluu yanayoonekana kwenye saluni nyingi hayaui kila kitu. Ni mahali pa kuhifadhi tu, na kifaa kiwe kimeshasafishwa kwanza. Ukitaka kumjua fundi, muulize otokleva iko wapi. Asipokuwa nayo, muulize ni vitu gani anavitupa, kisha tazama kama kweli vimo kwenye boksi la ncha kali.

Picha. Zote kumi na mbili zilikuwa za siku ya kuchorwa, wakati kila kazi hupendeza. Picha inayosema kitu ni ya uso uleule baada ya mwezi mmoja, na baada ya mwaka, kwenye ngozi ya rangi kama yako. Wino unatakiwa uingie kina kisichofika milimita mbili. Ukiwa juu mno, unaondoka na ngozi inayobanduka. Ukishuka mno, weusi unaonekana wa bluu kupitia ngozi, na hapo tena ndipo makovu yanapoanzia. Kilichompata Mama K. ni hiki cha pili, na ngozi iliyokondeshwa na mkorogo ilirahisisha sindano kuzama. Bluu ile haionekani kwenye picha ya siku ya kwanza. Aliyemwelekeza kwa fundi wa kwanza alikuwa na nyusi za mwaka mzima, mita moja mbele yake, kanisani. Alikuwa na ushahidi bora kuliko picha zote, akaubadilisha na tangazo.

Cheti sitakizungumza sana. Kile cha kwenye simu kilikuwa cha mafunzo ya siku tatu. Fundi wa kwanza alisoma urembo VETA, kisha akakaa miezi saba chini ya fundi mzoefu kabla ya kugusa uso wa mteja peke yake. Muulize mtu amechora nyuso ngapi akisimamiwa, na atafanya nini ukizimia kitandani. Atakayekasirika umeshamjua.

Krimu ya ganzi inastahili neno. Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu krimu zenye lidokeini, dawa ya ganzi, zaidi ya asilimia 4 zinazopakwa kabla ya kazi kama hizi, hasa zikipakwa eneo kubwa, zikifunikwa, au zikiwekwa kwenye ngozi iliyochanika, kwa sababu dawa huingia kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kuleta degedege. Fundi wa pili aliifunika na akaipaka juu ya damu. Kwenye kopo lisilo na lebo hatujui hata kiasi. Mama K. alikuwa na bahati, na silipendi neno hilo linapotumika kwa mgonjwa.

Sasa fundi wa kwanza. Mimi namwona ndiye kiini cha kisa hiki. Aliuliza, na aliposikia hapana hakuishia hapo, alitazama kwa macho yake. Alikataa 250,000 wakati kodi ya chumba inamsubiri. Fundi wa kweli utamjua kwa anayemkatalia, na swali ambalo ningependa kila mwanamke aulize kabla ya kulipa ni hili: mara ya mwisho ulimkatalia nani, na kwa nini? Asiyewahi kumkatalia mtu ama hatazami, ama anaona na kunyamaza.

Lakini hakufanikiwa kumlinda. Neno lake lilikuwa sahihi, mahali pake hapakuwa sahihi. Nilimwambia hivyo, akanyamaza muda mrefu, akasema hakuwaona wale wawili wa benchi. Angemwambia mlango ukiwa umefungwa, akampa cha kwenda nacho nyumbani, Mama K. angalikuwa na sababu ya kurudi. Mtu akitoka na hapana tupu, ataitafuta ndiyo kokote itakapopatikana.

Na yule binti. Aliona kila kitu na hakuwa na sauti, kwa sababu mtoto hamkemei mama yake mdogo mbele za watu. Nikimwandaa msindikizaji leo ninampa sentensi moja isiyomvunjia mtu heshima: "Samahani dada, tunaomba tutoke nje kidogo tuongee." Haihitaji kumshtaki fundi wala kumfundisha mkubwa. Inasimamisha mkono.

Ilipofikia

Mwezi wa nane baada ya kuchorwa, Mama K. alirudi kwa fundi wa kwanza, safari hii na binti yuleyule. Mkorogo ameuacha, ngozi imerudi kuwa nzito kidogo. Aliomba afutiwe bluu. Fundi akamkatalia tena, mlango ukiwa umefungwa, akamwandikia kwenye karatasi jina la daktari wa ngozi wa kumuuliza kuhusu kufuta kwa mwanga wa leza, na ni nini cha kumweleza kuhusu sikio. Kisha akamkalisha mbele ya kioo kikubwa, akachonga kalamu ya wanja ya kahawia badala ya nyeusi, akamwonyesha jinsi ya kuchora vijinywele vifupi kimoja kimoja kuelekea juu, na kuvifunga kwa poda ili mvua isivishushe. Walikaa saa nzima. Alimlipisha sh. 5,000, ya kalamu.